Boma la mawe kijijini kwetu karibu na Awendo, na pengo ambalo dani alikataa lipanuliwe

Wakuu, natumai mko salama. Hii niliiona mwenyewe na siongezi chumvi. Jina la kijiji nalificha kwa sababu wahusika wako hai na mmoja anasoma humu.

Ni upande wa Migori. Ukitoka Awendo unapita mashamba ya miwa, unaacha lami, kisha bodaboda inapanda kilima kidogo. Watu wengi wa mjini hawajui kama kuna kitu huko.

Kitu chenyewe ni ohinga, yaani boma la zamani la mawe. Limepangwa jiwe juu ya jiwe bila simiti wala udongo, na kuta zake zinampita kimo mtu mrefu. Wazee walilijenga kuzuia maadui na fisi. Mlango ni mfupi makusudi. Adui alilazimika kuinama na kutanguliza kichwa, na kilichompata hapo ni shauri yake.

Ndani kuna mwamba uliochongwa vishimo vya ajua, ule mchezo wa bao. Watoto wanaucheza mpaka leo kwa kokoto. Ukipanda juu asubuhi isiyo na ukungu, unaliona ziwa upande wa Homa Bay, linang'aa kama bati jipya. Ukirudi bila picha, wewe una shida yako.

Sasa, dani, mama mzazi wa baba yangu, bado anaishi ndani ya boma hilo. Baba alikufa maji kule Mbita nikiwa mchanga, na kaburi lake liko hapo nyuma ya nyumba. Mama alinilelea Migori mjini, kwa hivyo mengi ya nyumbani sikuyajua.

Mtoto wa kiume wa dani aliyebaki ni anko Odhiambo, dereva wa lori za miwa.

Weekend moja anko akanipigia. Wageni walikuwa wameanza kuja kuona boma, lakini magari yao yanakwama nje. Upande wa nyuma kuna pengo kwenye ukuta, limezibwa na miiba. Tukilipanua kidogo, tunapata njia ya gari na parking. Nikaona ni akili. Nikaenda na mtaimbo.

Tulikuwa tumeshaondoa miiba dani alipotoka na kigoda chake. Akakiweka katikati ya pengo, akakalia.

Aliongea Dholuo, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

"Nani amekutuma hapa na hicho chuma?"

"Ni anko, dani. Tunatengeneza barabara ya wageni."

"Baba yako aliingilia hapa," akasema.

Sikuelewa. Ndipo akaeleza. Kwetu aliyekufa maji hapitishwi kwenye mlango ambao walio hai wanatumia. Ukuta unabomolewa kwingine, anaingizwa, panazibwa. Walipomleta baba kutoka Mbita, walibomoa hapo.

Anko alikuwa anajua. Akasema, "Mama, hayo yalipita zamani."

"Yalikupita wewe. Pengo likifunguliwa tena linataka mtu, na mimi nimebaki na mmoja, naye kila siku yuko barabarani na lori."

Anko akaniomba mtaimbo, akaenda kuulaza kando ya nyumba.

Wakuu, mimi si mtu wa kuamini sana haya mambo. Lakini nilimtazama yule mama kwenye kigoda, nikaona anaogopa kweli, na hofu yake haikuwa ya kujadiliwa.

Tukaamua kuliziba pengo kabisa kwa mawe, tuachane na miiba. Dani alikataa kuondoka hadi mawe yalipofika magotini mwake, ndipo akasogeza kigoda. Wageni sasa wanaacha magari chini na kutembea. Wengine wananung'unika, hasa wenye vitambi wakifika kwa ule mlango.

Funzo langu ni dogo: kabla hujatengeneza kivutio, muulize anayeishi ndani yake.

Watu wa Rusinga na Mbita, na nyinyi wa Ntimaru, kwenu desturi hii ikoje? Na anayeona tulikosea aseme, sina hasira.

Baba sikumjua, na sikuwahi kumbebea hata ndoo ya maji. Yale mawe ya chini pale alipopitishwa niliyapanga mimi, na anko akaniachia.