Mke Mwenzangu Aliponyamaza

Mume wangu ana wake wawili. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni kompyuta kuukuu iliyoingia humu ndani ikiwa nyeupe, na sasa imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Ikiwashwa hunguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Imewekwa chumba cha mbele, juu ya meza nzuri kuliko zote nyumbani. Mimi meza yangu ya jikoni ina mguu mfupi, nimeuwekea kipande cha ubao. Silalamiki, nasimulia tu.

Mume wangu haoni. Hajaona tangu utotoni, na ukimhurumia kwa hilo atakutuma dukani ili upate shughuli ya kufanya. Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa mtu wa simu katika ofisi kubwa. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na waya, anaunganisha huyu na yule kwa vidole, na sauti akishaisikia mara moja haimpotei. Watu walimpa jina la Nikuunganishe kwa sababu ya maneno yake ya kila siku: "Subiri hewani, nikuunganishe." Wakubwa kwa wadogo walisubiri.

Hata mimi nilimpatia humo humo kwenye waya. Nilipiga simu kumtafuta mjomba wangu aliyefanya kazi pale, nikaambiwa subiri hewani. Nikasubiri, nikachoka, nikaanza kumsema vibaya peke yangu nikidhani hakuna anayesikia. Aliporudi akaniambia kwa upole, "Dada, laini ilikuwa wazi. Nimesikia yote, hata lile la masikio yangu." Mjomba hakupatikana siku ile, lakini sisi tulianzia hapo.

Alipostaafu hakukubali kukaa barazani kuhesabu magari kwa masikio. Ofisi moja ilikuwa inauza vyombo vyake vya zamani, akanunua kompyuta hii pamoja na kisanduku kinachosema. Kisanduku kimeunganishwa kwa waya nyuma ya kompyuta, na kila anachoandika, na kila mstari unaotokea kwenye skrini, kinamsomea. Kilipokuja hakikujua Kiswahili hata kidogo. Kilitamka "ng'ombe" kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Mume wangu alikaa nacho akikifundisha neno baada ya neno, miaka na miaka, mpaka leo kinasema vizuri, ingawa bado kwa sauti ya puani. Kompyuta mpya hazina tena tundu la waya wake, ndiyo maana mke mwenzangu hajaachika.

Kwa vyombo hivyo anafanya kazi yake. Vyama na vikundi vya mtaani humletea kanda za mikutano yao, naye husikiliza na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno. Wanachama wakianza kubishana, "Mimi sikusema hivyo," mwenyekiti huwaambia waje kwa Nikuunganishe wakasomewe. Wakishasomewa na sauti ile ya puani, huwa hawana la kuongeza.

Binti yetu mkubwa ni muuguzi, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Siku moja alikuja na modemu, yaani kadi ya kupachika ndani ya kompyuta ili iweze kupiga simu yenyewe na kuleta barua. "Mama, nitakuwa namwandikia Baba kila nikipata nafasi, na kisanduku kitamsomea," aliniambia. Baba yake alikuwa kwa kinyozi. Binti akafungua kompyuta, akaweka kadi, akahangaika nayo huku karatasi ya maelekezo ikiwa mapajani, mwisho akasema imekaa vizuri na akakimbilia zamu yake. Mume wangu akarudi, akawasha. Kompyuta ikanguruma kama kawaida. Kisanduku kikawa bubu.

Akampigia binti simu. "Sikugusa kingine chochote, Baba," binti akasema. "Labda ni uzee tu wa mashine."

Jumapili alikuja, na hapo ndipo maneno yalipozuka. "Baba, mkiwa hapa peke yenu mimi silali," alisema. "Juzi umekosa ngazi ukaanguka. Kwangu kuna nafasi, kuna wajukuu, kuna mtu wa kuwaangalia. Kila siku unaniambia huhami kwa sababu ya kazi. Haya, kazi sasa iko wapi?"

Mume wangu alipigwa hapo, nilimwona. Lakini ni mtu asiyekubali kushindwa na kitu chenye skrubu. "Nipe mpaka Jumapili ijayo," akasema. "Kisanduku kisiposema, nafunga mizigo kwa mikono yangu mwenyewe, tunahamia kwako. Kikisema, tunabaki, na jambo hili hutalitaja tena."

"Nimekubali," binti akasema. Wakapeana mikono kama watu waliouziana mbuzi.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sasa mimi nilikuwapo! Nilikuwa nimekaa katikati yao na sinia ya matunda magotini, na langu halikuwapo. Hakuna aliyegeuka akaniuliza, na wewe unaonaje? Nyumba yangu, kitanda changu, jirani zangu, vyote vimewekwa rehani kwa kisanduku. Nilikasirika mpaka nikashindwa kusema, na wanaonijua watakwambia hilo halitokei ovyo.

Asubuhi yake aliniita. "Mama watoto, lete macho." Ndivyo anavyosema akitaka nimsomee kitu. Nikavuta kiti.

Alifungua kompyuta kwa bisibisi, skrubu akazitia kwenye kisahani cha chai, kisha akapeleka vidole ndani. Ukimtazama akifanya hivyo utasahau kwamba haoni. Aligusa kadi moja moja akinitajia: hii ya skrini, hii ya diski, na huyu hapa mgeni wetu.

"Sikiliza," akasema, akiwa ameweka kidole juu ya modemu. "Humu ndani kila kifaa kina laini yake ya kengele ya kumwita mkuu wa kazi. Mkuu akisikia kengele anajua ni nani anayemtaka. Sasa vifaa viwili vikiwekwa kwenye laini moja, kengele inalia, mkuu anakimbilia kwa huyu kumbe aliyeita ni yule. Mwisho hakuna anayehudumiwa."

"Fahali wawili hawakai zizi moja," nikamwambia.

"Wanakaa, kila mmoja akifungwa kamba yake. Nimekaa na wewe miaka yote hii."

Akamtoa mgeni, nikawasha. Bubu. Akakibonyeza kisanduku kitufe chake chenyewe, cha kukijaribu, nacho kikasema, "Tayari." Kumbe kizima! Akaufuata waya kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho, akapapasa vijino vyake vya chuma vya kuchomekea, kila kimoja kimenyooka. Basi akatoa kila kitu kinachotoka na kurudisha kimoja kimoja, na kila akirudisha nawasha, nasoma skrini kwa sauti, anasikiliza, anatikisa kichwa, nazima. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya mkaguzi. Nikiruka neno anajua. "Umeruka," anasema. "Nimemeza mate," nasema. "Basi meza, halafu rudia."

Mchana tulikula kwa kupokezana kijiko, maana meza imejaa vyuma. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, yeye hana habari. Alifuta mikono, akakaa na uso ameuinua kidogo, kama alivyokuwa akikaa zamani mbele ya ubao wake.

"Mgeni katoka, na bado kimya," akasema taratibu. "Kisanduku kizima, waya mzima. Pale ofisini mtu akiwa mzima na waya wake mzima lakini hasikiki, tulijua kuna mkono umemchomoa kwetu, huku kwenye ubao. Kuna tundu limefungwa. Zima, washa, na ikianza tu kuamka bonyeza kitufe hiki usikiachie."

Nikabonyeza. Skrini ikawa ya bluu, imejaa mistari ya maandishi madogo ambayo sijawahi kuyaona. Akaniambia huo ni ukurasa wa mipangilio ya ndani kabisa, nisome mstari kwa mstari nisibadilishe kitu. Nikasoma tarehe. Nikasoma saa. Nikasoma habari za diski, za kibodi, za tundu la printa.

Nikafika kwenye mstari wa tundu la kwanza la nyuma, ambalo kisanduku kimechomekwa, na mbele yake pameandikwa kwamba limezimwa.

Niliuona kabla sijautamka, nikasita.

Sitadanganya. Niliifikiria nyumba ya binti yangu. Jikoni kwake bomba liko ndani, maji unafungua tu. Wajukuu wananikimbilia mlangoni kila nikienda. Mgongo wangu si wa jana. Na hapa nilipo, neno moja tu, nikiliruka, hakuna mtu duniani atakayejua. Nikifikiria pia dirisha langu na jirani yangu mshona nguo tunayepigiana soga kupitia ukuta, moyo unarudi huku. Ukweli ni kwamba sikujua ninachotaka. Nilijua tu kwamba wale wawili walikuwa wamenikabidhi maisha yetu mkononi bila kuniuliza, na hasira ikanipanda upya.

Mume wangu hakunihimiza. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. Uso wake ulikuwa umegeukia kwangu na haukuwa na wasiwasi wowote. Mtu huyu hajawahi kuona rangi ya gauni langu la harusi, aliambiwa na mimi, na mpaka leo anawasimulia watu rangi ile kama aliyeiona. Angeamini chochote ambacho ningesema.

"Tundu la kwanza," nikasoma. "Limezimwa."

"Ahaa," akasema. "Liwashe, mama."

Nikaliwasha. Kompyuta ikanguruma, vikombe vikatetemeka kabatini, halafu ile sauti mbaya ya puani ikasema, "Tayari. Chagua kazi." Nililia, na sioni haya kusema. Niliikumbatia shingo ya mume wangu na bisibisi yake ikanichoma mkono.

Hakuridhika na hapo. Akamchukua mgeni wetu, akakuta mgongoni mwake kuna kofia ndogo ya plastiki isiyozidi punje ya mchele, ambayo ndiyo inayoamua kadi itumie laini ipi. Ilikuwa kwenye ya nne, laini ile ile ya kisanduku. Akaihamishia ya tano, ambayo haikuwa na mtu, akairudisha kadi mahali pake. Tukawasha. Vyote viwili vikafanya kazi, kila kimoja na kengele yake.

Jumapili binti alifika na maboksi mawili matupu ya kufungia vyombo. Aliyaacha mlangoni aliposikia kisanduku kinasoma mkutano wa watu. Akasimama pale, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni mimi, Baba," akasema. "Nilipoweka modemu ilianza kugombana na kisanduku, na karatasi ilisema ukiona hivyo uzime tundu la kwanza. Nikazima, modemu ikafanya kazi. Kisanduku kiliponyamaza nikadhani nimekiua. Niliogopa kukwambia."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia, maana kumkemea ni kazi yangu.

"Mwache," baba yake akasema, huku anacheka. "Alimpa mgeni kitanda cha mwenyeji, ndiyo kosa lake. Njoo ukae, mwanangu."

Binti akakaa karibu naye. "Basi, nimeshindwa. Mnabaki. Sitalitaja tena."

"Ngoja kwanza," mume wangu akasema. Akanigeukia. "Siku ile, ulipofika kwenye ule mstari, ulinyamaza. Na safari ile hukuwa unameza mate."

Kumbe alisikia! Siku zote hizo amekaa nalo, ananyamaza, anakula chakula changu.

"Nilikuwa nafikiria," nikasema.

"Unafikiria nini?"

"Bomba la jikoni kwa binti yako."

Binti akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Ulitaka tuhame?" mume wangu akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Kwa mara ya kwanza wiki ile nzima niliona hana hakika.

"Nilitaka kuulizwa," nikamwambia.

Kisanduku kiliendelea kusoma, mwanachama fulani anadai hakupewa nafasi ya kuzungumza, mpaka mume wangu akapapasa kitufe na kukizima.

"Basi nakuuliza," akasema. "Tunakuuliza sote wawili. Unataka nini?"

Nikainuka, nikajifunga khanga vizuri. "Subirini hewani," nikawaambia, nikaenda jikoni kubandika chai.

Sikuwa na haraka. Nilisuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilichungulia dirishani nikamsalimu mshona nguo, akanisalimu. Chai ilichemka nikaiacha ichemke zaidi. Jibu nilikuwa nalo tangu nilipotamka neno lile mbele ya skrini, ila nilitaka na wao waonje kidogo kile nilichokionja mimi kwenye simu enzi zile.

Niliporudi na sinia niliwakuta vilevile nilivyowaacha, baba na binti, nyuso zote mbili zimegeukia mlango wa jikoni. Nikamimina chai taratibu, nikampa kila mtu kikombe chake. Kisha nikawaambia tunabaki, wajukuu waletwe hapa kila shule zikifungwa, na ile meza nzuri ya mbele ihamishiwe jikoni kwangu leo leo, kabla binti hajaondoka.