Natembelea magongo, lakini nilikuwa nanunua viatu virefu kwenye live

Wakuu, wakubwa wangu wote shikamooni, rika langu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Mambo yangu huwa naandika kwenye daftari ambalo hata mama hajawahi kulifungua. Leo nimejikaza kwa sababu naamini kuna mtu yuko ndani kama mimi na simu inammaliza kidogo kidogo.

Sijatunga kitu. Pale nilipojiaibisha nimepaacha hivyo hivyo.

Nina sikoseli tangu nizaliwe. Wanaoijua hawahitaji maelezo. Kwa wasioijua, damu inakwama njiani na mifupa inauma kama inavunjwa. Nikiwa form three ikanila nyonga ya kushoto. Daktari akasema nitembelee magongo na mguu upumzike. Tunakaa Ihumwa, Dodoma, shule iko mbali, njia ya kwetu ni mchanga mtupu. Magongo yanazama.

Basi nikawa mtu wa ndani.

Tuko wawili tu, mimi na mama, tumepanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji wengine. Mama anauza chai na chapati kwa mafundi wanaojenga kule Mtumba. Anatoka kabla hakujapambazuka, anarudi jioni. Mchana nyumba nzima nabaki mimi na kuku wa mwenye nyumba.

Asubuhi siyo mbaya. Kuna dawa, kuna kufagia, kuna kuchambua mchele. Tatizo ni saa tisa mchana. Bati linalia kwa jua, upepo unaleta vumbi mpaka mdomoni, treni inapita unasikia watu wanaenda zao, halafu kimya.

Wakuu, kile kimya kinauma tofauti na mifupa. Mifupa ina vidonge.

Ndiyo nikakutana na live ya Dada Sabra (siyo jina lake).

Dada Sabra yuko Dar, anauza mitumba grade one. Kila siku saa tisa yuko hewani. Ananyanyua nguo moja moja, anataja bei, wa kwanza kuandika "yangu" kachukua. Unatuma hela kwa simu, yeye anakutunzia mpaka vitu vyako viwe vingi, ndiyo anafunga kiroba anapakia kwenye basi.

Hiyo ya kukutunzia ikumbukeni.

"Blauzi hii haijaguswa na maji! Nani anaichukua? Jamani msiniangalie kama mko msibani!"

Mwanzoni nilikuwa naangalia tu. Siku moja akanyanyua kofia pana ya majani. Sijui ni nini kilinipata, vidole vikaandika "yangu".

"Imeenda kwa Binti wa Kolo! Karibu mpenzi wangu, wewe mgeni eeh? Jamani mkaribisheni Binti wa Kolo!"

Hilo ndilo jina langu la mtandaoni, kwa sababu bibi yangu yuko Kolo, kule Kondoa. Watu wakaanza kuandika karibu, karibu, na maua juu. Mimi huyu ambaye darasani mwalimu akinitaja nilikuwa najificha nyuma ya mwenzangu, watu nisiowajua wananipokea kwa jina. Nilicheka peke yangu kitandani kama mwehu.

Kesho yake nikanunua tena ili nitajwe tena.

Mtauliza hela nilitoa wapi. Hapa ndipo pabaya.

Bibi aliuza alizeti yake, magunia yote aliyovuna, ili nijisajili mtihani wa form four kama private candidate, yaani mtu wa kujitegemea asiye na shule. Alimtumia mama. Mama akaihamishia kwenye laini yangu, akasema, "Mwenye mtihani ndiye atunze. Ikikaa kwangu itaishia kwenye ngano." Usajili ulikuwa bado haujafunguliwa. Hela ikawa imekaa tu kwenye simu, na mimi nimekaa tu na simu.

Hakuna siku niliyojiambia nakula ada ya bibi. Nilijiambia ni elfu tatu tu. Elfu tano tu, hii bei haitarudi. Na kwa kuwa vitu vilikuwa Dar vinatunzwa, sikuona chochote kikiingia mlangoni. Ilikuwa kama sijanunua. Siku za maumivu ndiyo nilinunua zaidi, maana Dada Sabra akipiga kelele nilikuwa nasahau mguu. (Mnaoumwa mtanielewa. Wazima naomba msinihukumu haraka.)

Mama akarudi siku moja kasema usajili umefunguliwa. Usiku ule nikaangalia salio. Halikufika nusu ya ada.

Na kesho yake saa tisa, mnajua nilifanya nini? Nikaingia live. Nikanunua viatu.

Kiroba kilikuja Jumapili, mama yupo.

"Hodi! Binti wa Kolo yupo?" Ni boda aliyetumwa kutoka stendi.

"Binti wa Kolo ndiyo nani?" mama akauliza.

"Mimi nimepewa jina tu mama. Mzigo huu hapa, na ni mzito, mniongeze hata ya maji."

Mama akakivuta ndani, akakata kamba kwa kisu cha vitunguu. Hakuniuliza kitu. Akawa anatoa kimoja kimoja na kupanga kitandani kwangu. Kofia. Miwani ya jua. Mkoba. Mkoba mwingine. Blauzi za kung'aa. Koti la mvua, Dodoma hii. Gauni la njano lenye mifuko. Begi la safari lenye matairi, na humo ndani viatu vyekundu, kisigino kirefu kama kalamu.

Akavishika vile viatu. Akaangalia magongo yangu ukutani. Nikasema moyoni, leo napigwa, mgonjwa hivi hivi.

"Hakuna hata nguo moja ya kulalia," akasema.

Akapekua tena kiroba mpaka chini.

"Hakuna hata dera la kushindia. Vyote hivi ni vya kutoka." Akakaa juu ya lile begi la matairi. "Mwanangu, ulikuwa unataka kwenda wapi?"

Wakuu, nililia mpaka kwikwi. Mimi nilidhani napenda nguo. Mpaka alipouliza vile, sikuwa nimejua kwamba kila siku saa tisa nilikuwa nafunga safari.

Nikamwambia yote, na hela ya bibi. Akatoka nje. Nikamsikia anapuliza jiko. Akarudi na kikombe.

"Kunywa chai. Nimekasirika, lakini kunywa. Ukimaliza, bibi yako utampigia mwenyewe, mimi sikusemei."

Nikapiga. Bibi akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Alizeti nitalima tena," akasema. "Wewe mtihani ufanye. Sasa hiyo kofia, ni pana kweli? Maana jua la huku shambani..."

Kofia ikaenda Kolo.

Vingine mama akawa anavibeba asubuhi pamoja na beseni la chapati, anauza kwa akina dada wanaokuja kunywa chai. Viatu vilichukuliwa na Dada Happy, mpangaji mwenzetu, anafanya kazi kwenye ofisi moja ya serikali. Alivivaa palepale uani, akatembea kama yuko bungeni. "Mdogo wangu, una jicho zuri," akaniambia, "ila una kichaa."

Hela yote ikahamia laini ya mama. Hiyo ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa saa tisa.

Nilimwandikia Dada Sabra kwamba naondoka, sina uwezo, naumwa, nimekula ada. Sikutegemea ajibu. Akatuma sauti: "Hela sirudishi mama, biashara ni biashara. Lakini unakimbia nini? Ingia, kaa na sisi, usinunue."

Siku ya pili nikaingia nikiwa na bundle ndogo tu.

"Binti wa Kolo kaingia! Jamani huyu haruhusiwi kununua mpaka afanye mtihani. Akiandika yangu, jifanyeni hamjamuona!"

Watu wakacheka, mmoja akaandika "soma mdogo wetu". Nikacheka tena kama mwehu, safari hii bure.

Ila bundle ndogo inaisha haraka. Ikiisha, navuta kiti mpaka karibu na bomba la uani. Kwetu maji ni ya mgao na mara nyingi yanatoka mchana, watu hawapo, wakirudi yamekata. Zamani nilikuwa nayasikia yakimwagika nimejifungia, naona aibu kuita majirani wa nyumba za nyuma. Sasa yakitoka nagonga gongo kwenye ndoo na kupiga kelele, "Majiii!" Mara ya kwanza sauti ilikwama. Mara ya pili ikatoka, kuku wakakimbia. Wanakuja akina mama na ndoo zao, wananisalimia, wananiletea umbea wa mtaa mzima. Dada Happy mapipa yake huwa nayajaza mimi kwa mpira.

Siku nyingine bado ni ngumu. Kuna siku siwezi hata kufika kwenye kiti. Siku hizo ile hamu ya kununua inarudi vilevile, tofauti ni kwamba sasa najiuliza swali la mama, nataka kwenda wapi? Jibu naliandika kwenye daftari. Mara nyingi ni shule. Siku moja niliandika "sokoni kula miwa".

Tulipouza karibu kila kitu ada ilikuwa bado inapungua kidogo, na vilibaki gauni la njano na koti la mvua lililokosa mteja. Nikasema gauni liende. Mama akakataa, akaongezea kutoka kwenye hela ya kikoba chake, kile chama chao cha kuweka na kukopa, namlipa kwa kusukuma chapati nikiwa nimekaa. Tumelipia kabla usajili haujafungwa. Nimejisajili, wakuu. Jina langu lipo.

Nilichojifunza: ukiona unanunua vitu usivyoweza kuvitumia, vitandaze vyote kitandani uvione kwa pamoja. Vitakuambia unachokosa. Halafu hela ikae kwa mtu unayemuonea haya.

Sasa naomba nisikie kutoka kwenu, hasa mnaoumwa au mnaouguza. Saa yenu mbaya ni ipi, na mnaivukaje? Nitasoma zote, na safari hii nitajibu. (Koti la mvua bado lipo. Hapana, siuzi humu, mods msinifungie.)

Gauni limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilipomuuliza mama kwa nini haliuzwi, alisema, "Private candidate havai sare. Hilo ndilo utatoka nalo."