Niliiongezea banjo ya mjomba uzi wa tano, kisha nikaipeleka jikoni

Wakuu, habari za saa hizi. Shikamoo kwa wanaostahiki, wengine salaam.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na wallahi sijatia chumvi. Pilipili kidogo nimetia.

Mimi ni msichana wa Magongo. Natengeneza spika, amplifaya, magitaa, chochote chenye waya. Sikusomea popote, nimejifunza kwa kuharibu. Anayetaka kuniuliza "dada, mumeo anasemaje?" apite tu.

Nina rafiki anaitwa Mutua, Mkamba, fundi wa malori Miritini. Mutua anapenda muziki wa country kupita kiasi. Kofia ya cowboy anavaa hata akiwa chini ya lori. Watu wanamcheka. Sasa mimi nina sheria moja: Mutua anachekwa na mimi peke yangu.

Akapata nafasi ya kupiga Jumapili mchana kwenye hoteli moja ya nyama choma. Alitaka banjo ya nyuzi tano, ile ya country. Uzi wake wa tano ni mfupi, mwembamba, unaanzia katikati ya shingo na unakaa juu kabisa, unapigwa kwa kidole gumba.

Huku utaipata wapi?

Nikamkumbuka Mjomba Athmani wa Timbwani. Ujanani alipiga banjo ya nyuzi nne kwenye taarab za harusi. Banjo ile ina umri mkubwa kuliko mamangu, na miaka sasa imetundikwa ukutani. Nikavuka feri, nikaomba niazimwe. Akaishusha mwenyewe, akaipangusa kwa ncha ya kikoi.

"Chukua, mwanangu. Irudi kama ilivyo."

Nikasema inshallah.

Wakuu, inshallah ile niliibebesha mzigo.

Nikachonga ubao mwembamba wa mvule, nikaugandisha kwa gundi ya mbao ubavuni mwa shingo, upande wa juu, shingo ipate upana wa uzi wa tano. Sikuitoboa shingo hata tundu moja, mnisikie vizuri. Ufunguo wa kukazia uzi niliutoa kwenye gitaa lililokufa, nikautia kwenye ule ubao. Uzi wenyewe nilichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli.

Mpango ulikuwa rahisi. Show ikiisha naubandua ubao, nasugua gundi, mjomba hajui kitu.

Tatizo likawa Mutua. Ana adabu huyu kijana, adabu ya kuudhi. Bila kuniambia akampigia mjomba simu kumshukuru, akamwalika. Na mjomba akaja! Kanzu, kofia, fimbo. Macho yake hayaoni mbali, kwa hivyo nikamkalisha meza ya nyuma kabisa na soda yake.

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Banjo ya mjomba ina ngozi ya mbuzi, na ngozi ikipata unyevu hulegea.

"Manze fundi, hii imelegea kama ugali ya jana," Mutua akaninong'oneza.

Watu wa ngoma huku wote wanajua dawa: ipashe moto. Nikaipeleka kwenye jiko la nyama. Mchomaji akasogeza mbavu zake, nikaigeuza juu ya makaa taratibu. Ngozi ikakaza, ikalia tang! Nikajiona bingwa.

Ngozi inapenda moto. Gundi je? Sikufikiria gundi.

Wimbo wa kwanza, safi. Wa pili, watu wakaanza kugonga meza. Wa tatu, gundi ishalainika, waya wa breki unavuta. Krraa! Ubao ukabanduka wote, ukaning'inia kwenye uzi wake kama mkia.

MC akashika maikrofoni: "Jamani, banjo imejifungua!"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Mutua kasimama pale, kofia mkononi.

Sahani ya kachumbari ikamfikia MC kifuani. Sitasema ilitoka meza gani.

Nilikuwa bado namtolea maneno ambayo admin atayafuta, nikaona fimbo kando yangu. Mjomba. Akaitwaa banjo, akaipapasa shingo mpaka penye gundi.

"Nani kambandika huyu ubavu wa bandia?"

"Mimi, mjomba."

"Nilikwambia irudi vipi?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Mimi! Akachukua banjo na ubao wake, akaondoka.

Kesho yake nikapiga simu. "Shikamoo mjomba." Ikakatwa.

Wakuu, mjomba yule huitikia shikamoo hata ya mtu aliyekuja kumuuzia sabuni asiyoitaka. Wiki tatu napiga kila siku, siitikiwi. Banjo sikuijali tena. Huyu ndiye aliyeniachia redio yake niifungue nikiwa na miaka minane, nikashindwa kuifunga, akasema "si neno." Nilitaka marahaba moja tu.

Siku moja akapiga yeye. "Njoo. Na yule Mkamba wako umlete."

Tukavuka. Shikamoo. "Marahaba." Kavu, lakini ilitoka.

Banjo ilikuwa mkekani, na ina nyuzi tano! Ameurudisha ubao mwenyewe, kwa gundi na skrubu mbili. Mimi niliogopa kutoboa, yeye katoboa.

Ila kauweka upande wa chini.

"Wewe uliupandisha uzi mwembamba juu, kwenye nyuzi nzito. Wapi uliona? Mwembamba hukaa chini na wenziwe. Nimekurekebishia."

Mutua akafungua mdomo. "Lakini mzee, country inata..."

Nikamkanyaga.

Mnaonijua humu mnajua mimi sinyamazi. Lakini mjomba alishaanza kupiga. Vidole vimekakamaa, vinakwenda kwa kusuasua, vikifika kwenye uzi ule mpya anatabasamu.

Nikasema, "Ahsante mjomba. Kweli nilikosea."

Sasa Mutua anakwenda Timbwani kila Jumamosi kufundishwa. Kidole gumba chake bado kinapapasa juu, kinakuta hewa.

"We Mkamba, chini! Chini!"

Nilichojifunza: gundi na makaa havikai nyumba moja. Na si kila kosa la mkubwa ni la kusahihishwa, mengine unayabeba tu na unayatengenezea njia.

Sasa wakuu, kuna aliyewahi kupiga country na uzi wa tano uko chini? Aje anieleze, tena haraka. Mutua kapata show nyingine, na mjomba ameshasema atapanda naye jukwaani.