Kisu Kilichoachwa Wazi

Baba yangu hakuamini kisu kwa kukitazama. Ungempa kisu kipya, angekigeuzageuza, apitishe kidole gumba kwenye makali, aseme "haya", na hiyo "haya" haikuwa na maana yoyote. Kisu kilikuwa bado hakijapimwa. Angekinoa kwenye kinoo, kisha achukue kijiti cha mbambakofi, mti mgumu uliobaki baada ya kutengeneza fremu ya mlango, aanze kuchonga jani. Jani dogo, na jingine ubavuni mwake, na jingine tena, mstari mzima bila kunoa. Makali yakiwa mazima, ukingo wa jani hutoka laini. Yakianza kuchoka, mti huchanika, hutoa unyuzi. Vijiti hivyo vya majaribio alivirundika chini ya ngazi, na hapakuwa na ruhusa ya kuvitia jikoni, hata mkaa ukiisha.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Mji wa Kale, dirisha likitazama uchochoro. Mimi ndiye mtoto aliyebaki naye humo. Kaka yangu alikwenda Uarabuni kutafuta riziki, na kazi ya kuchonga nikairithi mimi, binti, jambo lililowapa majirani maneno ya kusema alasiri nyingi. Wakasema mpaka wakachoka. Sisi tulikuwa na milango ya kuchonga.

Kisu ninachokisimulia hapa, kaka alikituma kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini mweusi, chuma kizito. Kilifunguka kwa kuguswa tu, kikajikaza. Kukikunja ndiko kulikotaka nguvu, maana ilibidi ubonyeze springi ngumu kwa kidole gumba. Kaka alikichagua kwa kazi moja: marfaa ya kuwekea msahafu, ambayo baba alimwahidi mjukuu wake, mtoto wa kaka. Ubao mmoja wa marfaa hiyo ulikwisha kuchongwa majani hadi pembeni. Wa pili ulikuwa mtupu. Baba alisema atauanza akipata kisu kizuri, kwa kuwa vile vya zamani vilikuwa vimeliwa na kinoo.

Basi akakipima. Nilikuwa nimempa mgongo, nasikia mti ukikwaruzwa, kimya, ukikwaruzwa tena.

"Makali hayakai," akasema.

Akakinoa upya, akarudia. Kesho yake vile vile. Ijumaa kaka alipopiga simu baada ya swala, baba alimwambia bila kuficha, "Wamekupunja, mwanangu. Chuma hiki ni cha kukatia vitunguu." Kaka alicheka, lakini namjua, siku hiyo aliaga mapema. Hasira zikanipanda. Mtu yuko kwenye jua la watu, ameona kisu, amemkumbuka babake, na hayo ndiyo malipo yake.

Kilichonikera zaidi, baba akaanza kukiacha kisu kile wazi juu ya meza kila jioni. Baba huyu huyu aliwahi kunifukuza karakanani kwa sababu ya patasi moja niliyoiacha sakafuni.

"Baba, mtu atakatika hapa," nilikuwa nikimgombeza.

"Kikunje basi, mama," alijibu, huku akitafuta kofia yake, nami nikikikunja na kunung'unika.

Siku moja alipokwenda msikitini niliokota kijiti chake, nikakipeleka dirishani penye mwanga. Majani yalikuwa yamepinda. Kisu kilikuwa kimeruka, kikarudi, kikaacha vidato pale palipotakiwa mkato mmoja. Lakini kila kilipopita, kilipita safi. Hapakuwa na unyuzi hata mmoja. Kisu butu huchana mti. Mkono uliochoka hupindisha mkato. Tofauti hiyo nilifundishwa na yeye mwenyewe. Nilikaa juu ya kigoda chake nikalia, kisha nikanawa uso kabla hajarudi.

Sikumwambia. Ningeanzia wapi? Nilisema tu kwamba ni kweli, kaka amepunjwa, nitamtafutia kisu kingine sokoni Marikiti.  Baba akanisogezea kigoda na kijiti kipya.

"Njoo ukijaribu weye. Hapa, mbele yangu."

Nilijua ninachoulizwa. Nikikata vizuri, kisu ni kizima, na ule ubao mtupu hatauchonga tena. Nikakilaza kisu vibaya makusudi, nikasukuma kama mtu anayemenya muhogo. Jani la kwanza likaharibika.

"Hivyo ndivyo n'livyokufundisha?"

"La, baba."

"Basi kata."

Nikakata. Majani yakafuatana, kingo laini, vibanzi vikiniangukia mapajani. Sijawahi kuchonga vizuri vile, na sijawahi kuchukia kuchonga kama siku ile. Kila jani lililotoka lilimnyang'anya kitu, naye amekaa ananitazama, hatikisiki. Nilipofika mwisho wa kijiti, kisu kilikuwa bado kinakata kama mwanzo. Baba akapitisha kidole gumba juu ya mstari wote, polepole.

"Kisu kizima," akasema. "Nipigia nduguyo simu."

Kaka alipopokea, baba akamuuliza hali, akamuuliza mtoto, kisha akamwambia, "Kile kisu n'likikosea. Ni kizuri. Mimi ndiye sikuwa nimekizoea. Ubao uliobaki atauchonga dadako." Nilimsikia kaka akifurahi. Hakuelewa, na sikutaka aelewe kwa simu.

Simu ilipokatika, baba alikitwaa kisu, akaweka kidole gumba juu ya springi, akabonyeza. Kidole kikatetemeka, kikateleza. Akabonyeza tena. Kisha akaninyooshea.

"Nikunjia, mama."

Nikakumbuka jioni zote nilizomgombeza. Nilikikunja, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akakitia mfukoni mwa kanzu, akavaa kofia, akatoka kwenda kuswali magharibi.

Tangu siku ile sikumwona akikifungua. Ubao wa pili niliumaliza kwa visu vya zamani, maana kile hakikutoka mfukoni mwake, nami sikuweza kukiomba. Alipofariki, watu wa mazishi walipokwisha kuondoka, nilikikuta ndani ya kanzu iliyotundikwa nyuma ya mlango, kimekunjwa vile vile nilivyokikunja. Nikakifungua. Nikachukua kile kijiti nilichokichonga mbele yake, nikakigeuza upande wa pili, nikachonga jani moja bila kunoa. Makali yalikuwa bado yapo.