Wasifu wa Bibi Yako Uuandike Upya

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu, na leo nakusimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo usitegemee sauti laini. Nilikuwa kijana wa umri wako, hapa hapa Mbulumbulu. Baba yangu alifariki, nami nikapewa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa kwenye mazishi. Nikauandika chapuchapu, tena kwa majivuno: marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, rafiki wa kila mtu.

Shangazi yangu akaniita jikoni, akina mama walikokuwa wanamenya viazi vya msiba, akataka nisome kwa sauti. Kwetu wasifu hauendi kwa mchungaji mpaka waliomjua marehemu wausikie. Nilipofika kwenye ucheshi, akaweka kisu chini.

"Baba yako alikuwa mcheshi lini?" akaniuliza. "Watoto wa kijiji hiki wakimwona walikuwa wanabadilisha njia. Hivi wewe unamzika nani?"

Nikaona haya. Nikasema basi, nitafuta neno hilo. Akasema halitoshi, nikakae chini nifikirie baba alifanya nini. Nikaandika, nikasoma, wakakataa, nikarudia. Mama mmoja akanikumbusha kwamba watu wakigombea mpaka wa shamba, baba alibeba kigoda chake, akakaa palepale mpakani bila kusema kitu, mpaka wenyewe wakachoka wakapatana. Nikaliandika hilo. Liliposomwa kaburini, mzee mmoja aliyewahi kupatanishwa hivyo alilia waziwazi.

Sasa nije kwako. Juzi tumemzika dada yangu, bibi yako aliyekulea. Wasifu tulikupa wewe, ati ndiye msomi wetu, mwongoza watalii. Ukachukua simu, ukatafuta wasifu wa mama mwingine aliyezikwa Karatu mjini, ukabadilisha jina, ukautuma kwa mchungaji bila hata kuusoma. Mchungaji akatutangazia kwamba dada yangu alizaliwa Moshi, akaja Karatu kufungua duka, na alipenda sana kwaya. Dada yangu huyu aliyezaliwa hapa, akalima ngano na maharage maisha yake yote, na hakuwahi kuimba hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Watu waliinamisha vichwa, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Usiniambie muda haukutosha. Nimekuona ukirudi kutoka kreta, kule bondeni unakopeleka watalii, na picha ya simba. Maneno ya kuweka chini yake unaandika, unafuta, unamwonyesha mwenzako, unaandika tena. Wageni ambao hutawaona tena unawachagulia maneno, halafu bibi yako unamtupia ya marehemu mwingine. Hilo limeniuma, na bado linaniuma.

Tena usidhani ni aibu ya ukoo tu. Jana asubuhi nilikwenda kumjulia hali babu yako. Unajua macho yake hayaoni tena, siku hizi ni wa kusikia tu. Akanishika mkono akaniuliza taratibu, "Shemeji, yule mama aliyesomwa mazishini alikuwa nani? Na wa kwangu watamsoma lini?" Nilitoka nje nikasimama zizini mpaka machozi yakakauka.

Jumapili ni ibada ya shukrani, na nimemwomba mchungaji nafasi. Kwa hiyo kaa chini uandike upya. Ukimaliza usiutume popote. Msomee babu yako kwanza, kwa sauti, na akikwambia sivyo, futa bila kubisha. Neno lolote linaloweza kusemwa kwa kila marehemu, liondoe. Andika alichofanya, alichokataa, alivyokuchapa na alivyokuficha ulipotafutwa. Kisha usome tena, na tena, mpaka mzee yule amsikie mkewe. Na maandishi yako mengine yote, hata ya kazini, yafanyie hivyohivyo: usiyaachie yaende kwa watu kabla hayajapita kwenye masikio ya mtu anayejua.

Haya, nenda. Mungu akupe mkono wa subira na moyo usioogopa kufuta. Na Jumapili babu yako akitoka kanisani, amjalie atoke akiwa amemzika mke wake.