Siku Niliyotema Kahawa ya Mama Shiku

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana huko mtaani kwetu Kariobangi bado kuna watu wakiniona sokoni wanageuka pembeni wanafanya "ptuu!" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na ni kweli, nilitema, nilitema mbele ya watu wazima, tena nikiwa nimevaa rinda langu la Krismasi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nafanya kazi mjini, katika ofisi moja ya mambo ya kahawa, kwenye chumba kirefu chenye meza ndefu iliyojaa vikombe, na wazee watatu wa makoti meupe, waonjaji wa kahawa, walikuwa wakipita kikombe kwa kikombe, wanachota kwa kijiko, wanavuta kwa mdomo kwa kelele (fyuuup! mtu mzima, mwenye tai), wananyamaza kidogo, halafu wanatema kwenye ndoo ndefu ya bati. Ndoo hiyo nilikuwa naimwaga mimi. Vikombe hivyo nilikuwa naviosha mimi. Ilikuwa kazi ya halali, iliyolipa kodi ya chumba na kumsomesha binti yangu Nafula, na mpaka leo sijui nilikuwa naionea haya ya nini.

Lakini niliionea haya. Siku ya kwanza nilipojuana na Mama Shiku, jirani yangu kwenye ploti tuliyopanga vyumba, tulikuwa tunaanika nguo, naye akaniuliza tu kwa kupiga gumzo, "Na wewe Mama Nafula, huko kwa kahawa unafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Naonja." Neno moja tu, ndugu zangu. Ningesema naosha vikombe angesema "haya" na tungeendelea na nguo zetu, na leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Huyu Mama Shiku alikuwa mjane, mtu wa Murang'a, mpole lakini akishika jambo haliachii. Alikuwa amehudumu miaka mingi kwenye hoteli moja ya mjini yenye mashine ya espreso, ile ya mkono, unavuta wenzo chini na kahawa inatoka nzito, nyeusi, kidogo kidogo, na juu yake povu la rangi ya udongo. Aliipenda kahawa hiyo kupita kiasi. Wenye hoteli waliponunua mashine mpya walimuuzia ile kuukuu, akaileta Kariobangi juu ya mkokoteni, imefungwa blanketi kama mgonjwa, na Fundi Otieno wa jua kali, mmoja wa mafundi wa kando ya barabara, akakaa nayo wiki tatu, akaikatia raba mpya, akaichomelea mguu, mpaka ikapumua tena. Kisha Mama Shiku akakodi chumba kimoja cha duka karibu na soko, akaacha kazi mjini, akatia kila alichokuwa nacho mle ndani afungue hoteli yake ya kahawa. "Kwani mtu wa Kariobangi amekosa nini?" alikuwa akisema. "Lazima apande basi mpaka mjini ndio anywe kahawa nzuri?"

Kabla ya kufungua alinichukua Jumamosi nzima tukazunguka kuonja kahawa za watu wengine, apate kujua yake inasimama wapi. Tulienda Majengo kwa mzee mmoja mwenye birika la shaba na vikombe visivyo na mkono, kahawa chungu yenye tangawizi. Tukaenda hoteli ndogo karibu na Gikomba, ambako kahawa ilikuwa unga wa mkebe uliokorogwa kwenye maziwa (Mama Shiku aliiangalia kwa huruma). Tukamalizia mjini, kichochoroni, kwa Mhindi mmoja mwenye mashine kama yake, na hapo alifumba macho akanywa kama yuko kanisani. Na kila mahali alinigeukia mimi. "Unaonaje, Mama Nafula?"

Mimi nilikuwa nagusisha mdomo tu, nachungulia kikombe, halafu namtolea maneno niliyoyaokota nikiwa kwenye sinki. "Hii ina mwili." "Hii imeungua upande mmoja." "Hii uchachu wake umesimama vizuri." Mwili gani? Upande gani? Sikujua hata kidogo. Mimi ni mtu wa Bungoma, nimelelewa kwa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na mpaka siku hiyo tone la kahawa lilikuwa halijapita kooni mwangu. Lakini alivyokuwa akinisikiliza, akitikisa kichwa! Nakiri, ilikuwa tamu.

Basi ikafika siku ya kufungua. Watu walijaa, akina mama wa kanisani, mafundi wa jua kali, majirani wa ploti, wengine wamesimama mlangoni. Mbele kabisa alikaa baba yake Mama Shiku, mzee aliyetoka Murang'a alfajiri akiwa na koti zito na kofia magotini. Mzee huyo alilima kahawa maisha yake yote, aliipalilia, aliichuma, aliibeba mpaka kiwandani, lakini kuinywa alikuwa hajawahi, kwao ni chai tu kama sisi. Alikuja kuonja mara ya kwanza, katika hoteli ya binti yake. Mama Shiku alikuwa ameniambia mlangoni, "Wakiipenda leo, nimepona. Wakiikataa, sina pa kurudi."

Vikombe vikapangwa mezani. Baba mtu akaomba dua. Kisha Mama Shiku akasema kwa sauti, "Kabla hatujanywa, dada yangu Mama Nafula, ambaye kazi yake ni kuonja kahawa huko mjini, ataanza."

Wote wakanigeukia. Sasa hebu niambieni, mngefanyaje? Mimi nilijua namna moja tu ya kuonja kahawa, ile niliyoitazama kila siku ya kazi kwa miaka minne, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona mwonjaji hata mmoja akimeza. Iwe mbaya wanatema, iwe nzuri wanatema, na ile wanayoisifu zaidi ndiyo wanayoitema kwa madaha zaidi. Nikaomba kijiko. Nikajiweka sawa. Nikachota, nikavuta, fyuuuup! (akina mama wakashtuka), nikanyamaza, nikatazama dari, nikaona karai chini ya meza, nikainama, ptuu!

Bati lililia nyumba nzima ikasikia.

Nilipoinuka nikitabasamu, tayari kusema ina mwili, niliona vikombe vinarudishwa mezani kimoja kimoja. Mama Shiku alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi. Yule mzee alinitazama, akaitazama kahawa, akauliza polepole, "Kwani ni mbaya?"

"Hapana, Mzee! Ni nzuri sana!"

"Nzuri, na umeitema?"

"Nzuri hutemwa, Mzee. Huko kwetu kazini hutemwa yote."

Ndugu zangu, niliyasikia maneno hayo yakitoka na nikajua hayaniokoi. Kijana mmoja mlangoni akasema, "Maze, kama mtaalamu ameitema, mimi ni nani nimeze?" Mama mmoja akanong'ona kwamba labda ni ile raba, na Fundi Otieno akaruka, "Raba yangu ina makosa gani? Raba yangu iko fiti!" Sasa wakawa wanabishana kuhusu raba, wengine wanatafuta mikoba yao waondoke, na Mama Shiku bado amekishika kitambaa chake.

Nikaona nitengeneze mambo. (Hapa ndipo ningepaswa kukaa chini.) Nikasema, "Mnaona ni mbaya? Haya, nitazameni!" nikachukua kikombe cha kwanza nikakimeza chote. Jamani, uchungu! Machozi yalinilenga, lakini nikatabasamu. Nikachukua cha pili. Nikachukua cha yule kijana, cha mama wa raba, cha Fundi Otieno, nikazunguka meza nikiwanyang'anya watu vikombe na kusema "tamu, tamu kabisa!" mpaka nikafika tisa, na asubuhi ile nilikuwa sijatia kitu tumboni kwa sababu rinda la Krismasi lilikuwa limenibana.

Watu walikuwa wameanza kulegea, hata kuna aliyecheka na kurudi kuketi. Kisha moyo wangu ukaanza kupiga, si kupiga kwa kawaida, kupiga kama unatafuta njia ya kutoka. Mikono ikatetemeka, kikombe kikagongana na sahani, jasho likatiririka, na nikawa naongea, naongea, nawaeleza habari za Bungoma, habari za shangazi yangu, siwezi kunyamaza. Nikasikia mtu akisema, "Ameanza kuweweseka." Nikataka kusimama, miguu ikakataa, nikakaa sakafuni puu.

"Sumu!" mtu akapiga kelele, na hoteli ikabaki tupu.

Fundi Otieno ndiye aliyeniinua akanitia kwenye mkokoteni wa muuza kabichi, akanisukuma mpaka zahanati, akipita katikati ya soko, mimi nimelala juu ya majani ya kabichi na rinda langu, na kila kibanda kinauliza, "Amekula nini?" na umati unaotufuata unajibu kwa sauti moja, "Kahawa ya Mama Shiku!" Nilitamani kuwanyamazisha lakini meno yalikuwa yanagongana.

Nesi alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Akanishika mkono, akasikiliza moyo, akamfukuza kila mtu abaki Fundi Otieno peke yake.

"Umekunywa vikombe vingapi?"

"Tisa."

"Na kwa kawaida unakunywa vingapi? Nasikia wewe ni mwonjaji."

Nikamwangalia. Nikamwangalia na Fundi. Nikasema, "Sijawahi kunywa."

"Hujawahi kunywa tisa?"

"Sijawahi kunywa kahawa. Mimi naosha vikombe."

Fundi Otieno alikohoa akaangalia ukuta. Nesi akanipa maji mengi, akaniambia nitatulia kabla ya jioni. "Hii si sumu, mama," akasema. "Hiki ni kiherehere, na dawa yake hatuna hapa."

Ningeweza kwenda nyumbani nikajifunika blanketi. Nakiri nililifikiria hilo. Lakini nje ya dirisha nilisikia watu wakisema kwamba mtu amekwenda kumwita bwana afya aje aifunge hoteli, na nikamkumbuka Mama Shiku na kile kitambaa mkononi, nikajisikia vibaya kuliko mapigo yote ya moyo wangu. Nikamwambia Fundi, "Nirudishe."

"Kwa miguu?"

"Kwa mkokoteni. Siwezi kutembea."

Tukarudi njia ileile, na umati nyuma yetu, mkubwa kuliko wa kwanza. Nikasimama juu ya mkokoteni mbele ya hoteli, nimemshika Fundi begani, nikasema kwa sauti ambayo hata muuza kabichi aliisikia: "Nisikilizeni! Mimi si mtaalamu! Mimi naosha vikombe na kumwaga ndoo ya mate, nilidanganya! Kahawa ni nyeusi au nyeupe mimi sijui, niliona wakubwa wakitema nikatema! Kahawa ya huyu mama haina neno, mwenye neno ni mimi!"

Kisha mtu mmoja akaangua kicheko, akafuata mwingine, na soko zima likacheka, na mimi nikiwa pale juu na kabichi kichwani nikalia, kwa aibu kweli, si kwa kingine.

Ndani ya hoteli walikuwa wamebaki wawili, Mama Shiku na baba yake. Mzee alikuwa amesikia yote. Akaweka kofia mezani akasema, "Maitu, nipe." (Kwa lugha yao ni "mama"; alimwita hivyo kwa sababu binti huyo alipewa jina la mama mzazi wa mzee.) Mama Shiku akavuta wenzo, akampa kikombe, na watu wakajazana mlangoni kutazama. Mzee akanywa kidogo. Akakunja uso. Akanywa tena, akakigeuza kikombe mikononi, kisha akasema, "Kumbe hii ndiyo tuliyokuwa tukiibeba mgongoni." Akamtazama binti yake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni chungu, lakini ni ya haki. Leta sukari, halafu uniongeze."

Basi watu wakaingia. Wengine waliingia kunywa, wengine waliingia kumwona mwanamke aliyetema, lakini wote waliagiza, na bwana afya alipofika alikuta hakuna pa kukaa, akaondoka.

Walipopungua, nilimwendea Mama Shiku nikiwa sijui niweke wapi macho. Nikamwambia, "Nisamehe, dada. Nilikudanganya miaka yote hii."

Alikuwa anafuta mashine. Hakugeuka. "Mama Nafula, wewe unakuja nyumbani kila jioni vidole vimenyauka kwa maji. Nilijua kazi yako kabla mwezi wa kwanza haujaisha."

"Ulijua? Sasa mbona ukaniita mwonjaji mbele ya watu?"

"Kwa sababu ulilipenda jina hilo." Hapo akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi sikuhitaji mtaalamu. Nilikuwa na hofu. Nilitaka rafiki yangu mmoja anywe kahawa yangu wa kwanza, aimeze, aseme asante."

Nilichoweza ni kuapa, na kiapo hicho sijakivunja: mtu akinikaribisha kwake, iwe chai, iwe uji, iwe kahawa nyeusi kama lami, nakunywa mpaka chini, nasema asante, na nikiulizwa ladha yake nasema mimi sijui, mimi nimekuja kwa sababu umeniita.