Marehemu wa Kuchagua

Kule Puerto Cedrón, maiti wasio na wenyewe walioletwa na mto Magdalena hawakuachwa. Walizikwa kwenye matundu ya ukuta wa makaburini, na kila aliyetaka alijichagulia mmoja. Unalipaka rangi kaburi lake, unamwekea bilauri ya maji, Jumatatu unagonga ukuta kumwamsha. Unamwombea kwa Mungu, naye anakuombea wewe. Na unampa jina.

Hapo kwenye jina ndipo Eufrasia Montaño alipojikwaa. Wenzake walibuni majina. Yeye wake alimpa jina la mwanawe, pamoja na majina ya koo zote mbili, ya baba na ya mama: Wilmar Quiceno Montaño. Wilmar alichukuliwa na watu wenye bunduki akitoka kucheza mpira, na tangu hapo hakuonekana, hai wala mfu. Eufrasia alijiambia kwamba akimtunza mtoto wa mwenzake, basi huko mto unakoishia yupo mama anayemtunza wa kwake. Hesabu za kichaa, utasema. Sema wewe, hujapotelewa.

Miaka ikapita, serikali ikatangaza kuwa familia za waliopotezwa zitalipwa fidia. Eufrasia alikuwa akikaanga mikate ya mahindi stendi tangu alfajiri, miguu imevimba hata viatu haviingii. Fidia aliitakia jambo moja tu, kuukimbia ule moto kabla haujammaliza. Akajiandikisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake liliuma mpaka likazoea.

Siku alipoitwa ofisini alivaa gauni la kanisani. Karani, binti aitwaye Liseth, akamgeuzia kompyuta amwonyeshe picha ya kaburi.

"Doña Eufrasia, huyu si ndiye Wilmar wako?"

"Ndiye. Yaani, siye. Huyo wa kuchagua, mwanangu. Wa mtoni."

"Jina lipo, koo zipo. Aliyezikwa hajapotea, mama."

"Kwani wewe mgeni hapa? Kamuulize bibi yako."

"Bibi yangu alikuwa nao wawili. Lakini aliwaita Gaspari na Baltazari, basi. Hakuwapa jina la kitambulisho!"

Sheria, akasema Liseth, inataka mifupa itolewe ikapimwe mjini, ijulikane ni ya nani. Akikataa, faili linafungwa.

Jirani yake Ofelmina alimshangaa. "Sasa unalia nini? Wape! Huyo maiti atakukaangia mikate?"

"Ananilinda."

"Anakulinda na nini, na miguu yenyewe hiyo?"

Eufrasia akacheka bila kutaka. Kesho yake akatia sahihi, na mimi simlaumu. Njaa haina adabu.

Wataalamu wakaja na glavu zao. Mzee Abelardo, mchimba kaburi, akaivunja kwa nyundo ile simenti yenye jina. Marehemu mzima akaenea kwenye kasha moja la plastiki, likabandikwa namba.

"Huko mjini nani atampa maji?" Eufrasia akauliza.

Wakalipakia kasha garini. Njia nzima ya kurudi alilia kwa sauti, kilio ambacho Wilmar hakuwahi kukipata, maana Wilmar hakumwachia hata mfupa wa kulilia.

Majibu yalichelewa sana, kisha yakaja. Hakuwa mwanawe. Eufrasia alilijua hilo tangu mwanzo, alilisema mwenyewe kwa kinywa chake. Lakini Liseth aliposoma, akamwomba asome tena. Kumbe Jumatatu zote zile, akigonga ukuta, kuna kitu moyoni mwake kilikuwa kikisema ndiye, na hakuwahi kumwambia hata padri.

"Hii ni habari njema, mama," Liseth akasema, lakini hakumtazama usoni. "Wilmar anahesabika kapotea. Ila tunaanza upya. Maelezo mapya, foleni mpya."

"Haya."

"Mara ya mwisho ulimwona lini mwanao?"

Eufrasia akageukia dirishani. Nje watu waliokuwa kwenye foleni walianza kunung'unika.

"Siku ile mlipomtia kwenye kasha," akasema.

Liseth akaacha kuandika. "Doña Eufrasia, nikiliandika hilo hupati kitu. Niambie siku ya mpira."

"Andika, mwanangu. Nimechoka kumpoteza."